Kabla ya kununua besi, nunua sauti ya mutu

Mwisho wa mwaka hauko mbali. Wakati gratifikasio itatoka, mu Kolwezi, mu Likasi na mu Lubumbashi tutaona tena makarton makubwa yamefungwa nyuma ya pikipiki: homu sinema. Bafle tano ndogo, kaisoni moja kubwa ya besi, taa za rangi, na ku karton wameandika "3000 W" kwa maandishi makubwa kupita jina la mashini yenyewe. Mufanyakazi anatoa makuta ya likelemba nzima, anaingia nayo mu lupango, watoto wanapiga mikono. Siku mbili manjanja inatetemeka mpaka jirani wa nyumba ya tatu anajua. Siku ya tatu mama anauliza: "Papa, ule muntu mu filme anasema nini?" Papa anakamata telekomande, anaongeza sauti. Mama anauliza tena.

Mawazo yangu ni haya, na ninayasema wazi: sisi watu wa mugodi tunanunua homu sinema miguu juu, kichwa chini. Tunaanzia ku besi, tunamalizia ku kura, na mara mingi kura tunaikumbuka siku mashini imetoa moshi. Ingefaa kuanzia ku kura, kufuata na sauti ya mutu mwenye kusema, na besi ije nyuma kabisa, kama makuta inabakia. Tena kuna neno moja lenye mwenye duka hatakuambia, labda hata yeye halijui: masikio ya mutu wa mugodi haiko sawa na masikio ya mutu wa biro.

Lakini tuangalie kwanza tunaangaliaka nini mu saloni zetu. Filme za Nigeria zenye wamegeuza mu Kifaransa. Mahubiri ya siku ya Mungu. Habari za mangaribi. Michezo ya Mufwankolo, yenye wazee bado wanaitafuta. Mpira, zaidi sana siku Mazembe anakutana na Lupopo. Yote hiyo ni maneno. Mufwankolo bila kusikia neno ni watu wenye kutupa mikono tu. Hata ku mpira, goli unaiona kwa macho, lakini nani ametoka, nani ameingia, ju ya nini mwamuzi amekatala, ni mwenye kutangaza njo anakuambia. Besi inatumika wapi? Ku filme za vita na ku muziki ya kucheza. Hesabu mwenyewe ni saa ngapi ku juma moja, kisha linganisha na makuta yenye ulilipa ju ya ile kaisoni.

Sasa masikio.

Wataalamu wa kazi wanapima kelele mu desibeli. Wanasema mutu anaweza kukaa saa 8 kwa siku mu kelele ya desibeli 85. Kila mara kelele inapanda desibeli 3, wakati wa kukaa mule unakatwa nusu: ku 88 ni saa 4, ku 91 ni saa 2, na ku 100 ni dakika 15 tu. Mashini ya kutoboa mawe inapita 100 bila shida, na chini ya udongo kelele haina pa kwenda, inagonga ukuta na kurudi. Mutu mwenye kufanya posti nzima karibu na ile mashini bila kitu mu masikio, amekula kipimo chake cha siku kabla hajatoka jasho.

Na sikio halifi lote siku moja. Linaanza kufa upande wa sauti nyembamba, karibu na hertzi 4,000. Pale njo panaishi s, f, t, sh, k. A, o na u zinaishi chini, zile zinabakia. Ndiyo maana mufanyakazi wa miaka mingi anakuambia: "Ninasikia muzuri, lakini banasema mbio mbio." Hapana, hawasemi mbio. Yeye anasikia maneno yenye imetolewa mifupa. Mwambie "sita", mwambie "tisa": kwa sikio lenye limechoka ni neno moja. Fika, shika, pika: neno moja. Mu mazungumzo ya nyumbani anaangalia midomo yako na anajua mulikuwa munaongea juu ya nini, basi anajaza mwenyewe. Mu televizio, mwenye kusema amegeuka mugongo, kuna muziki nyuma, kuna mvua, hakuna wa kumusaidia. Anaongeza sauti.

Kuongeza sauti kunaongeza ile a na ile u zenye alikuwa anazisikia tayari. S na t zinabakia nyuma. Na kama kuna kaisoni kubwa ya besi mu kona, mambo inaharibika zaidi, kwa sababu sauti nzito inafunika sauti nyembamba. Ni sawa na kujaribu kusikia mutoto anasema nyuma ya kamyo yenye inawaka. Kwa hiyo ule papa mwenye alinunua wati mingi ju ya kusikia muzuri, amenunua kitu chenye kinamufanya asikie vibaya. Na watoto wenye wanakaa chini ku tapi, na masikio mapya, wanakula kelele yote. Shirika la Afya la Dunia linasema kwa mutu mukubwa desibeli 80 kwa saa 40 ku juma, na kwa mutoto 75 tu.

Mama wa nyumba, wewe njo daktari wa kwanza. Utajua mbele ya opitali. Kama kila mangaribi anapandisha sauti kupita jana, kama simu inalia pembeni yake na hageuke, kama anakaa kitandani kisha posti na anasema sikio linalia sawa nzige, umuambie aende kupimwa masikio kabla ya kununua bafle yoyote. Kipimo kinaitwa odiometri. Wanamuweka mu kachumba kimya, anavaa kaske, anabonyeza kila mara anasikia. Haiumi. Kwa mwenye kutumika mu kampuni kubwa, aombe ku opitali ya kazi, na aombe karatasi, si maneno ya mudomo. Copi moja abakie nayo nyumbani, ju ya kulinganisha na ya mwaka ujao. Delege wa sindika atamueleza namna inaingia mu dosye yake. Kwa krezeri mwenye hana opitali ya kampuni, kuna daktari wa masikio, pua na koo mu mji. Chenye kimekufa ndani ya sikio kwa kelele hakirudi, lakini chenye kinabakia unaweza kukilinda, na buchoni ya sponji yenye wanagawaga bure ku kazi haiko ya kuweka mu mufuko. Uifinyange kwanza iwe nyembamba, uvute sikio juu na mukono mwingine, uisukume ndani, uishike mpaka ivimbe. Wengi wanaiweka ku mulango wa sikio sawa kizibo cha chupa, kisha wanasema haisaidii.

Turudi ku duka.

Wanasema "5.1". Maana yake ni bafle 5 za sauti ya kawaida, na kaisoni 1 ya besi. Kati ya zile tano, mbili ni za mbele, kushoto na kuume, mbili ni za pembeni karibu na mugongo wako, na moja inakaa katikati, chini ya televizio. Ile ya katikati njo inabeba karibu maneno yote ya filme. Angalia sasa ku karton za bei ya chini: ile ya katikati njo wameifanya kidogo kupita zote, kiboksi cha plastiki chenye unaweza kufunika na mukono. Makuta yote wameiweka mu kaisoni, kwa sababu kaisoni njo inauzisha.

Kwa saloni ya mita nne kwa nne, mimi ninachagua bafle tatu za mbele zenye ziko na uzito, hata bila za nyuma, hata bila kaisoni, mbele ya zile tano nyepesi na taa zake. Kama makuta haifike ku tatu, bafle mbili nzuri na ampli ya kawaida inashinda bado. Bare ya sauti, ile ndefu ya kuweka chini ya televizio, haiko mubaya kama iko na bafle ya katikati ndani yake; uliza, kwa sababu zingine ziko na mbili tu mu mwili murefu. Na hata ile bare ya bei ya chini ni afadhali kupita bafle za televizio yenyewe: televizio za leo ziko nyembamba, bafle zake zinaangalia chini ama nyuma, zinaongea na ukuta.

Usikubali mwenye duka akuchezee filme yake ya vita. Ile filme ameichagua. Uje na kile chako mu USB: mutu anasoma habari, sauti ya mwanamuke na sauti ya mwanaume, na kipande cha filme yenye munaangaliaka nyumbani. Mimi ninapenda kuongeza zile rekodi Hugh Tracey alifanya mu Jadotville, maana yake Likasi ya leo, mu 1952, na Jean-Bosco Mwenda: gitaa moja, sauti moja. Ni ya zamani, haina besi ya leo, njo maana ni nzuri ya kupimia. Kama unasikia kila kidole ku fili ya gitaa, bafle ile inajua kusema. Umuambie azime besi kabisa. Kisha apunguze sauti mpaka karibu usisikie. Bafle nzuri inabakia na maneno hata iko chini. Ile mubaya inabakia na mmm mmm tu. Na umupeleke mama pamoja, kwa sababu masikio yake haijaingia mu mugodi. Kama anaelewa neno na wewe hauelewi, tatizo haliko mu bafle.

Juu ya wati nitasema kidogo tu, ingawa hasira ingetosha kwa ukurasa muzima. Mashini haizai nguvu. Inakula kura, inaitoa kwa sauti. Geuza ile homu sinema, soma kile kibati cha nyuma. Kama wameandika inakula 90 W, ile 3000 ya karton itatoka wapi? Watakuonyesha herufi PMPO. Hiyo ni hesabu ya nukta moja fupi sana, hesabu ya kuuzisha. Tafuta herufi RMS, ile njo nguvu yenye inadumu. Tena hata wati za kweli hazifanyi vile tunazania: kutoka 50 mpaka 100 masikio inaona tofauti kidogo tu, desibeli 3. Ili sauti ionekane mara mbili, unahitaji wati mara kumi. Mu saloni ya kampi, wati 30 za kweli kwa kila bafle ni mingi.

Kura njo jambo lenye linaua mashini zetu kupita uzee, na hapa ninaomba mufanyakazi asome polepole.

Sisi tunakaa karibu na barrage: Nzilo na Nseke ku Lualaba, Mwadingusha na Koni ku Lufira. Tena kuna fili kubwa ya Inga, kilometa 1,700, yenye inafika Kolwezi tangu 1982. Ilivutwa ju ya mugodi, si ju ya televizio. Mu kartye kura inashuka mangaribi wakati kila nyumba inawasha resho ya kupikia bukari, inakatika, na wakati inarudi inakuja na kishindo. Kile kishindo njo kinachoma. Kwa hiyo kura ikikatika, toa fili mu prizi, usingoje. Ikirudi, acha balbu iwake kwanza dakika kumi, uone kama inatulia, kisha rudisha.

Stabilizateri inahitajika ama haihitajiki? Jibu liko ku kile kibati cha nyuma. Kama wameandika "100-240V", mashini inavumilia kura kushuka; unahitaji tu kifaa cha kukata wakati kura inapanda sana, na chenye kinangoja dakika kidogo kabla ya kurudisha. Kama wameandika "220V" peke yake, zaidi sana ku zile ampli nzito za zamani, stabilizateri ni lazima. Uchague yenye nguvu mara mbili ya wati zenye mashini inakula, si zile za karton, na usiiunganishe pamoja na frigo. Frigo ikianza, inavuta mbio mbio, ampli inapata kiu. Kwa mwenye kutumia panneau za jua, ujue onduleri za bei ya chini zinatoa kura yenye haiko laini, na bafle itaimba mmmm hata hakuna filme.

Kuna shida ingine yenye inatoka ku mupaka. Bintu mingi vinapita Kasumbalesa, vinatoka Zambia na upande wa Dar es Salaam. Kule prizi iko na meno matatu bapa. Kwetu ni meno mawili ya mviringo. Vijana wanakata kichwa cha fili, wanafunga meno mawili, na fili ya tatu, ile ya rangi ya kijani na njano, wanaikunja nyuma. Ile ni fili ya udongo. Ku mashini ya mwili wa chuma, ile fili njo inazuia kura isikukamate wakati kitu kimekatika ndani. Ununue adaptateri yenye inaendelea na ile fili, na muite fundi aweke fimbo ya chuma mu udongo wa lupango kama nyumba haina. Na ndugu wa Marekani akikutumia ampli, angalia kama imeandikwa "120V" tu. Ukiingiza mu kura yetu, itaishi muda wa kupiga kofi moja.

Wakati wa mvua, toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, radi ya Katanga haina muchezo. Kutoa fili ya kura peke yake haitoshi. Utoe na fili ya antena ama ya sahani. Watu wengi wanasahau ile ya pili, na radi inapita mule mule.

Kupanga mu saloni haiko hekima ya wazungu. Kamata kamba. Funga ncha moja ku kiti chenye papa anakaa, pima mpaka ku bafle ya kushoto, kisha ya kuume: iwe urefu moja. Ile ya katikati ikae mbele kabisa ku ukingo wa bife, si ndani ya kabati, si nyuma ya kioo, wala chini ya kile kitambaa cha krosheti chenye mama ametengeneza kwa moyo wote. Kitambaa kikae ku meza. Kama bafle iko chini kupita masikio ya mutu mwenye kukaa, weka kipande cha mbao chini yake mbele, iangalie juu ku uso. Zile mbili za nyuma, kama uko nazo, ziwe pembeni na nyuma kidogo, juu kidogo ya kichwa. Mingi ninaona wameziweka zote tano mbele, mustari mmoja juu ya bife, sawa watoto wa shule. Basi ulilipa fili ya bure.

Na televizio usiitundike juu sana sawa mu bare. Ya 43, maana yake sentimeta 109 toka kona mpaka kona, inatosha kwa mutu mwenye kukaa mita mbili na nusu.

Fili za bafle ziko na rangi mbili. Nyekundu ku nyekundu, nyeusi ku nyeusi, ku bafle zote. Kama moja umegeuza, hakuna kitakachoungua, lakini sauti itakuwa tupu, kama mutu anasema toka nyumba ingine, na besi itapotea. Nimeona watu wanatukana mashini muzuri ju ya fili moja tu yenye imegeuka. Usinunue fili za pekee za bei. Fili ya shaba ya milimeta 1.5, ile ya taa, inafanya kazi yote.

Ukuta mutupu na sima chini vinarudisha sauti, na neno linakanyaga neno. Rido nzito, tapi, kanape za kitambaa, ata libende la pili ku dirisha: vile vitu vinasafisha maneno kupita bafle mupya. Nenda mu saloni yako, piga kofi moja. Ukisikia kofi linalia kisha wewe umenyamaza, anza na rido.

Ku telekomande, tafuta kiwango cha bafle ya katikati, kinaitwa "Center", uongeze 3. Besi, punguza. Dekoderi mara mingi inatuma sauti ya bafle mbili tu, kwa hiyo bafle ya katikati inalala; bonyeza "Pro Logic" ama "Surround" mpaka iamke. Kama unaunganisha na HDMI, tumia ile mulango yenye wameandika ARC, ku televizio na ku mashini. Televizio ya mbele ya 2009 haina, tumia fili ya mwangaza. Na kuna "Night", ama ku mashini zingine "DRC". Haiko jina la inchi yetu kwa Kiingereza. Ni namna ya kushusha kishindo na kupandisha mununguniko, ili bunduki isiamushe nyumba na neno la pole lisikike. Kwa mutu wa masikio ya kuchoka, hiyo iwe wazi siku zote, si usiku tu. Na kama filme iko na maandishi chini ya picha, yafungue, hakuna haya.

Kuna mutu mwingine wa kufikiria, mwenye hakai mu saloni yako. Jirani yako ametoka posti ya usiku saa kumi na mbili ya asubuhi. Saa ine ya muchana analala. Maneno na gitaa havipiti ukuta wa matofali sana, lakini besi inapita, inafika mu kitanda chake, inamutikisa moyo. Mangaribi atarudi chini na usingizi wa saa mbili, na labda yeye njo anaendesha mashini yenye wewe unatembea mbele yake. Kaisoni usiiweke ku ukuta wenye munagawana, na usiiweke mu kona, kwa sababu kona inaikuza. Muchana, izime.

Kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili: fundi wa kura, fimbo ya udongo, kifaa cha kulinda ama stabilizateri. Kama makuta inabakia, bafle za mbele na ile ya katikati pamoja na ampli yake. Rido mama atachagua. Kaisoni ije katikati ya mwaka, kisha munyumbani mumesikilizana. Bafle mbili za nyuma zinaweza kungoja mwaka wa mbele, lakini kama muko karibu kufunga plafo, pitisheni fili zake sasa, mita kumi kwa kila upande, na muache ncha zake nje ya ukuta.